Gari Hubadilishwa Usiku, Mwenyewe Kalala

(Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa serikali mjini Kigoma. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya magari ya umeme, baadhi yenu mlicheka, na mlikuwa na haki ya kucheka. Mji wetu huu kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka mitambo ya dizeli, na wengi waliomo humu ukumbini wanazikumbuka jioni ambazo mitambo hiyo ilinyamaza na watoto wakafunga madaftari yao. Katika mji wa namna hiyo, kuleta habari za gari linalokula umeme ni kama kumsimulia mvuvi wa Kibirizi habari za theluji. Lakini si umeme wenyewe ulionileta. Ndani ya magari hayo limo jambo ambalo limekwisha kuingia Kigoma kwa mlango wa nyuma, katika magari ya kawaida yaliyokwisha kutumika Japani, na ambalo sisi bado hatujalipa hata jina.

Nina rafiki yangu, mwalimu wa sekondari. Yeye sitamtaja, na kampuni iliyotengeneza gari lake sitaitaja pia, kwa sababu ugomvi wangu hauna kampuni moja. Rafiki yangu huyu aliweka akiba miaka mingi, akaongezea mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akanunua gari dogo lililotoka Japani, la aina inayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, kuna kamera zinazotazama barabara. Aliyemwuzia alimwambia kwamba gari hilo linaweza kujikaba breki lenyewe pakitokea hatari. Alimwambia hivyo kama mtu anayetaja rangi ya viti.

Siku moja alikuwa akishuka kwenda Ujiji. Mbele yake alikuwako kijana mwenye baiskeli iliyobeba madumu matatu ya mawese. Kijana akayumba ghafla, akaingia katikati ya barabara. Rafiki yangu anakiri kwamba mguu wake haukuwahi. Gari lilikaba breki lenyewe na kusimama, na kijana akaendelea na safari yake na mafuta yake salama. Kwa muda wa juma zima mwalimu wetu alikuwa mhubiri wa gari lile.

Masika yalipokuja, jioni moja, njia ile ile, barabara ikiwa imelowa na vivuli vya miembe vimelala juu yake, gari likakaba breki tena kwa nguvu zake zote. Mbele hapakuwa na kitu. Nyuma palikuwa na bajaji iliyobeba mama na mtoto, na bajaji hiyo ilisimama ikiwa imebakiza kiasi cha shibiri moja. Yule mama alishuka, akamwendea, akamwuliza: "Mwalimu, umeona nini?"

Hakuwa na jibu. Yeye hakuona kitu. Gari ndilo lililoona.

Alilipeleka kwa fundi, pale Mwanga. Fundi yule ni hodari. Nimemwona akiifufua injini iliyokwisha kuzikwa na watu wengine. Lakini safari hii alitazama ile taa ya manjano na maandishi ya Kijapani chini yake, akatikisa kichwa, na ushauri wake wote ulikuwa ni kubandika karatasi juu ya kamera. Ndugu zangu, msimcheke fundi. Kwa elimu aliyopewa na kwa vitabu alivyoletewa, yaani hakuna hata kimoja, huo ulikuwa ushauri wa mtu mwenye akili.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi Ujiji.

Gari la siku hizi linaongozwa kwa kiasi kikubwa na programu. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta ya gari huyafuata: ukiona umbo mbele, ukikadiria kwamba ni mtu, ukakuta umbali uliobaki hautoshi, basi kaba breki. Maagizo hayo ameyaandika binadamu, au yamefunzwa na mashine iliyoonyeshwa picha nyingi za barabara zilizochaguliwa na binadamu. Yakiandikwa vingine, gari lile lile, lenye tairi zile zile na chuma kile kile, huenda vingine. Na katika magari ya umeme ya Marekani na Uchina mtengenezaji huyaandika upya maagizo hayo akiwa kwake, akayatuma hewani kama sisi tunavyopokea ujumbe wa simu. Aghalabu kazi hiyo hufanyika usiku, gari likiwa limeegeshwa.

Wa kwanza kulifanya jambo hili kwa mapana ni kampuni ya Tesla. Mwezi Oktoba 2015 ilituma programu mpya kwa magari yaliyokuwa yamekwisha kununuliwa, na watu walioegesha gari lisiloshika njia lenyewe wakaamka na gari linaloshika usukani katikati ya mistari ya barabara kuu. Tuseme kweli: wengi walifurahi, na si bila sababu. Ni mashine gani nyingine uliyowahi kuinunua ikazidi kuwa bora ikiwa imelala uani kwako? Kasoro iliyokuwa ikihitaji mwenye gari aache kazi yake na kwenda karakana, sasa huondolewa kabla hajapiga mswaki.

Lakini mlango unaopitisha mema hupitisha na mengine. Mwezi Oktoba 2021 kampuni hiyo hiyo iliwatumia baadhi ya wateja wake programu mpya ya uendeshaji wa kusaidiwa. Saa chache baadaye magari yakaanza kupiga kelele za hatari ambayo haikuwako, na mengine yakakaba breki barabarani bila sababu. Ilibainika kwamba mawasiliano kati ya vipande viwili vya kompyuta ndani ya gari yalikatika. Kampuni ikairudisha programu ya zamani kwa haraka, ikatuma iliyosahihishwa, na magari 11,704 yakaandikwa katika orodha ya magari yenye kasoro. Mwanzoni mwa 2022 yakaandikwa magari mengine 53,822. Hayo yalikuwa yamefundishwa kuipita alama ya kusimama bila kusimama kabisa, mradi mwendo ni mdogo na hapaonekani mtu. Tafakarini hilo, ndugu walimu. Mtu fulani ofisini aliamua kwamba sheria ya barabarani inaweza kulegezwa kidogo, na uamuzi wake ukatekelezwa na magari maelfu kwa maelfu, ilhali wenye magari wamekaa ndani yake wakidhani wanaendesha wao.

Kuna na kisa cha rada. Mwezi Mei 2021 Tesla iliamua kwamba magari yake ya bei nafuu yanayouzwa Amerika ya Kaskazini yataacha kutumia rada, yategemee kamera peke yake. Baadaye hata magari yaliyonunuliwa yakiwa na rada yakaachishwa kuitumia kwa njia ya programu. Mteja alikwisha kukilipia chombo hicho. Kikabaki kimefungwa mbele ya gari lake kama jicho lililofumbwa. Katika muda wa miezi tisa idara ya usalama barabarani ya Marekani ikapokea malalamiko 354 ya magari yanayokaba breki pasipo na kitu mbele, na mwezi Februari 2022 ikafungua uchunguzi uliohusu magari yapatayo 416,000. Wenyewe huziita breki hizo breki za mzuka. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mama wa bajaji.

Mwezi Desemba 2023 yakaandikwa magari zaidi ya milioni mbili, karibu yote ya kampuni hiyo nchini Marekani, kwa sababu mfumo haukuhakikisha vya kutosha kwamba dereva bado anatazama mbele. Dawa ilitumwa hewani. Kufikia Aprili 2024 idara ile ile ikaanza kuichunguza dawa yenyewe, maana magari kadhaa yaliyokwisha kuinywa yalipata ajali, na sehemu ya dawa hiyo dereva aliweza kuikataa au kuiondoa akitaka.

Natumaini hapo mmekwisha kuona tofauti iliyopo kati ya mwenye gari wa California na mwalimu wetu wa Kigoma. Yule wa California hubadilishiwa gari lake mara kwa mara, pengine bila kuelewa kilichobadilishwa. Huyu wetu habadilishiwi kamwe. Gari lake lilipopandishwa meli huko Japani, uhusiano wake na waliolitengeneza ulikatika. Kasoro ikigunduliwa leo katika programu ya gari la aina yake, mwenye gari wa Japani atapelekewa barua na kuitwa karakana. Barua ya namna hiyo haijui njia ya Ujiji. Kwa hiyo mmoja anasukumwa na mabadiliko asiyoyaomba, na mwingine ameachwa na kasoro ambayo huenda wenzake wamekwisha kuponywa. Mtu wa haraka atasema hawa wana shida mbili zinazopingana. Mimi naona shida moja: wote wawili wana hati ya umiliki, na wala hakuna mmoja anayejua gari lake limeagizwa kufanya nini.

Na yule anayenunua mkononi mwa mtu wa pili ndiye mnyonge zaidi. Mwaka 2019 huko Marekani mtu alinunua kwa mfanyabiashara gari la umeme lililotumika, likiwa limetangazwa kuwa lina usaidizi wa usukani. Baada ya muda akaukuta umeondolewa kwa amri iliyotoka mbali, kwa maelezo kwamba yeye hakuulipia. Magazeti yalipopiga kelele, ukarudishwa. Mwezi Aprili 2024 huko Uingereza wenye magari ya zamani ya umeme ya Nissan Leaf walinyimwa huduma ya kuliamuru gari kwa simu, kwa sababu mtandao wa simu uliokuwa ukitumika ni wa kizazi kilichopitwa. Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine tuyasome matukio hayo kwa makini. Hapo zamani gari kuukuu lilikuwa na kasoro za uzee tu: bushi, pampu, kutu. Redio yake haikushika stesheni zetu nyingi kwa kuwa masafa ya Japani huanzia 76, tukazoea, tukapachika kifaa kidogo, tukaendelea na muziki. Lakini hakuna kifaa kidogo cha kumpachika dereva aliyekabiwa breki na gari lake.

Ndugu Mwenyekiti, huenda mtu akaniuliza: sasa sisi watu wa mwambao wa ziwa tunajua nini juu ya mashine zinazobadilishwa? Nami nitamjibu kwamba tunajua kuliko wengi.

Pale bandarini kuna historia ya meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaungwa tena hapa hapa, ikatiwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona vita vinawaelemea, mafundi walipaka injini zake grisi nzito, kisha mwezi Julai 1916 wakaizamisha wenyewe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 ikaondolewa injini za mvuke, ikatiwa za dizeli.

Basi hiyo ni mashine iliyobadilishwa jina, bendera, kazi na moyo wake wenyewe. Lakini angalieni jinsi ilivyobadilishwa. Kila badiliko lilifanyika gatini mchana kweupe, nyundo zikisikika mpaka mjini. Nahodha hakuamka akakuta meli inageuka kwa namna ambayo jana haikugeuka. Injini mpya ilipotiwa, mhandisi wake alijifunza kwanza, ndipo akaondoa kamba. Hata yule aliyeizamisha alimwachia grisi yule atakayeiinua! Sisemi hayo kumsifu mkoloni. Meli ile aliileta kwa vita vyake na faida zake. Nasema tu kwamba chuma kilimwonyesha kila mtu mahali kilipofunguliwa na mahali kilipofungwa.

Na wavuvi wetu wa dagaa je? Wengi wao wameziacha karabai na kutumia taa za betri. Nilimwuliza mmoja wao Katonga jinsi walivyoamua. Akaniambia waliwasha taa hizo katika mtumbwi mmoja, wakaziacha karabai katika mingine, wakahesabu dagaa asubuhi. Huo ndio uchunguzi wa kisayansi, na haukuhitaji kamusi. Naomba radhi, nimetoka nje ya njia kidogo. Lakini mvuvi yule amepata haki ambayo mwenye gari la maelfu ya dola huko California haipati: kujaribu kipya huku cha zamani kikiwa bado mkononi.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Waliotunga sheria ile walikuwa wakimfikiria dereva mwenye mikono miwili na miguu miwili, na kila tendo la gari lilikuwa tendo la mmoja wa viungo hivyo vinne. Tuchukulie kwamba bajaji ile ingeligonga gari la mwalimu. Askari angefika na futi yake, angepima, na bila shaka angemhesabia kosa dereva wa bajaji kwa kutoacha nafasi. Yule kijana, ambaye pengine bajaji yenyewe ni ya mkopo, angelipa kwa sababu ya agizo lililoandikwa nchi ya mbali, likasomwa vibaya na kamera iliyokutana na kivuli cha mwembe. Nani angemtetea? Kwa ushahidi gani?

Dunia haijakaa kimya kabisa. Ipo kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2021, ambayo Japani na nchi za Ulaya zimeikubali. Kanuni hiyo inamtaka mtengenezaji awe na utaratibu wa kutunza kumbukumbu za kila toleo la programu, na inataka mwenye gari aelezwe kabla ya badiliko: linahusu nini, na litabadilisha nini. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya halina budi kuitimiza. Ni kanuni nzuri. Ila inamlinda mnunuzi wa kwanza vizuri kuliko wa pili, na wa tatu, aliye ng'ambo ya bahari, anabaki na mwangwi wake tu.

Ndiyo maana nawageukia ninyi mlioko katika ofisi za umma. Ukaguzi wa magari yaliyotumika umezoea kutazama breki, taa, tairi na moshi. Ni vema. Sasa umefika wakati wa kuuliza na jambo la tano: je, gari hili lina kasoro ya programu iliyokwisha kutangazwa huko lilikotoka, na je, ilirekebishwa kabla halijapandishwa meli? Swali hilo lina jibu. Watengenezaji wakubwa wa Japani huruhusu mtu yeyote kuandika namba ya chesisi katika ukurasa wao, akajibiwa kama gari hilo lina wito wa marekebisho ambao haujatekelezwa. Jibu huja kwa Kijapani, lakini muuzaji aliyeko huko Japani, anayepokea fedha zetu kabla hatujaliona gari, hawezi kusema hajui kusoma lugha hiyo. Na alilete jibu hilo pamoja na hati nyingine za gari.

Nanyi walimu, hasa mnaofundisha ufundi. Kijana anayejifunza umakanika leo akifundishwa spana bila kufundishwa kusoma kumbukumbu za kompyuta ya gari, tumemfundisha nusu ya gari. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere walijenga gari lao dogo la umeme, Kiira EV, wakalitembeza mwaka 2011. Kwangu mimi thamani yake kubwa ni kwamba Kampala wako watu ambao, gari likifanya tendo la ajabu, wanaweza kufungua maagizo yake na kuonyesha kwa kidole: ni mstari huu. Kigoma hatuna haja ya kujenga gari ili tuwe na mtu mmoja wa namna hiyo. Tunahitaji kifaa cha kusomea kompyuta, kijana mwenye subira, na maneno. Maneno ni yetu sote. Mimi leo nimesema "toleo la programu", "wito wa marekebisho", "breki za mzuka". Kama kuna maneno bora, yaleteni, lakini fundi wa Mwanga asilazimike kubandika karatasi juu ya kitu kwa sababu tu hakina jina analolifahamu.

Rafiki yangu, mwishowe, hakuibandika ile karatasi. Alisema mama wa bajaji alikuwa na haki ya kukasirika, lakini yule kijana wa mawese naye ana mama. Badala yake alinunua daftari la shule la kurasa 48, akaliweka ndani ya gari. Kila gari linapokaba breki lenyewe anaandika tarehe, mahali, jua au mvua, na kilichokuwa mbele. Fundi ameelekeza simu yake kwenye yale maandishi ya Kijapani, simu ikamfasiria nusu, na nusu hiyo imeandikwa pia. Nililiona daftari hilo juma lililopita. Lina matukio saba. Matano gari lilikuwa na haki, mawili halikuwa nayo, na yote mawili yalitokea jioni, barabara ikiwa imelowa. Kwa hiyo sasa, mvua ikinyesha jioni, mwalimu huuzima mfumo ule kabla hajaondoka shuleni, na kuuwasha asubuhi. Juu ya ukurasa wa kwanza amepiga mistari mitatu kwa rula: namba ya chesisi, mwaka wa gari, toleo la programu. Miwili ya kwanza ameijaza. Wa tatu bado uko wazi, na ameniomba niwaulize kama kuna mtu humu ukumbini anayejua pa kuanzia.